Katharine Graham na hisa ambazo baba yake alimpa mume

Kila likitajwa jina la Katharine Graham, yule mama mwenye gazeti la Washington Post kule Marekani, watu wanakimbilia moja kwa moja 1971 na zile nyaraka za siri za vita ya Vietnam, au wanakimbilia kashfa ya Watergate na rais Nixon kuachia ngazi, na siwalaumu maana hizo ndo stori tamu. Ila mimi nikisoma maisha yake huwa nakwama kwenye mwaka 1948. Mwaka huo baba yake, mzee Eugene Meyer, aligawa hisa zenye kura za gazeti lake, yaani zile zinazompa mwenye nazo sauti ya kuamua mambo ya kampuni. Mkwe, Philip Graham, akapewa hisa 3,500. Binti wa kumzaa mwenyewe akapewa 1,500. Na sababu aliyoitoa mzee ni kwamba hakuna mwanaume anayepaswa kujikuta anamfanyia kazi mke wake, yaani aliona kabisa kwamba kumpa binti yake nyingi ni kumdhalilisha mkwe.

Binti naye alikubali. Tena kwa maelezo yake mwenyewe baadaye, hata hakuona kama kuna tatizo, aliona ni sawa tu.

Ninachotaka kusema leo ni kwamba huyu mama anasifiwa kwa ujasiri na anastahili kila sifa, lakini ujasiri ule usingefika popote kama zile kura zisingekuja kukaa mkononi mwake. Zilifika kwake kwa njia mbaya sana, zikamkuta haamini kama anaweza, na bado akakataa kuziachia, akakaa chini akajifunza hela inavyofanya kazi. Kwangu hapo ndipo ukubwa wake ulipo kama mtu wa biashara, na ndo sehemu ambayo watu wanaipita haraka haraka.

Tuanze na gazeti lenyewe. Meyer alikuwa ametajirika Wall Street, akawa gavana wa benki kuu ya Marekani, na Juni 1933 akalinunua Washington Post kwenye mnada kwa dola 825,000. Gazeti lilikuwa limefilisika. Mji ulikuwa na magazeti matano na hili lilikuwa la mwisho kabisa, na kwa karibu miaka 20 mzee alikuwa anatia humo hela za mfukoni mwake na hazirudi. Katharine, aliyezaliwa Juni 1917, alikuwa binti wa sekondari wakati baba yake ananunua, na hakuna aliyekumbuka kumwambia, alikuja kujua baadaye. Kwenye nyumba ile ya matajiri mtoto alilelewa na walezi na hela ilikuwa haizungumzwi mezani kabisa, kwahiyo mtu atakayekuja kuongoza moja ya kampuni kubwa za nchi alikua bila kujua mahesabu ya biashara yoyote.

Akasoma Vassar, akahamia Chuo Kikuu cha Chicago, akamaliza 1938, akaenda San Francisco kuwa ripota, na kazi aliyopewa huko ilikuwa kufuatilia wafanyakazi wa bandarini na vyama vyao. Kumbukeni hilo maana tutalirudia kwenye mgomo. Baadaye akarudi kwa baba, akawekwa kwenye ukurasa wa barua za wasomaji kwa dola 25 kwa wiki. 1940 akaolewa na Phil, mwanasheria kijana wa Harvard aliyekuwa karani wa majaji wa Mahakama Kuu, kijana mwenye akili kali sana, mcheshi, kila akiingia chumbani watu wanageuka. 1946 Meyer akaitwa kuwa rais wa kwanza wa Benki ya Dunia na gazeti akamuachia Phil, ambaye alikuwa hajafikisha hata miaka 31. Katharine akabaki nyumbani na watoto wanne, nyumba, wageni na chakula cha jioni cha wanasiasa.

Phil alikuwa hodari, tusimnyime haki yake. Yeye ndo alisukuma mpango wa 1954 wa kulinunua gazeti pinzani la asubuhi, Times-Herald, na hapo ndipo Post ilianza kusimama kwa miguu yake. 1961 akanunua jarida la Newsweek. Lakini alikuwa mgonjwa, alikuwa na ule ugonjwa wa akili wa kupanda sana na kushuka sana, zama zile dawa zake zilikuwa bado hazijaeleweka vizuri, na ugonjwa ukipanda ulikuwa unamwangukia mke. Alikuwa anamfanyia mzaha mbele za watu mpaka mama wa watu akawa hafungui mdomo mume akiwepo. Mwishoni mwa 1962 mama akainua simu ya nyumbani akamsikia mume wake akiongea na mwanamke mwingine, na miezi iliyofuata Phil akaondoka kabisa, akawa anatangaza kwa marafiki kwamba atamtaliki na gazeti litabaki kwake.

Na kwenye karatasi alikuwa na uwezo huo! Zile 3,500 kwa 1,500 za mwaka 1948 zilikuwa zinafanya kazi yake sasa. Gazeti ambalo baba yake alilinunua na kulilisha kwa hela zake miaka yote, binti alikuwa anakaribia kulipoteza kwa talaka, kwasababu miaka 15 nyuma wanaume wawili waliomzunguka na yeye mwenyewe waliona ni jambo la heshima mume awe na zaidi.

Hapa kuna kitu kidogo ambacho nakipenda kuliko mambo yote ya 1971. Katharine, huyu huyu aliyekuwa haongei, alisema hatatoa talaka mpaka Phil aachie hisa za kutosha yeye awe na sauti ya mwisho. Hakuomba nyumba, hakuomba posho. Alitaka kura. Sijui wangapi tungewaza hivyo tukiwa tumeachwa, tumechekwa mji mzima, na watoto wanauliza baba yuko wapi.

Talaka haikufika. Phil alirudi nyumbani, akalazwa hospitali, na tarehe 3 Agosti 1963 akiwa na ruhusa ya wikendi shambani kwao Virginia alijipiga risasi. Katharine alikuwa ghorofani amepumzika, akausikia mlio, na yeye ndo aliyeshuka akamkuta. Katharine alikuwa na miaka 46, na zile kura sasa zikawa mkononi mwake.

Sasa ndugu zangu, tunajua huku kwetu kinachofuata hapo ni nini. Matanga hayajaanuliwa na kikao cha ukoo kimeshaitwa, shemeji anaulizia hati ya kiwanja iko wapi, mjane amejifunika khanga anaambiwa asijali wewe lia tu haya mambo ya kampuni tutasimamia sisi, anasogezewa karatasi anasaini. Nimeona wanawake wakisaini hivyo, na mwaka mmoja baadaye hawana duka wala nyumba. Washington ya 1963 hakukuwa na shemeji wa kuulizia kiwanja ila presha ilikuwa ile ile, kwa lugha ya kistaarabu zaidi, wanunuzi walikuwa wameshaanza kunusa, na walio wengi walichukulia kwamba mjane atauza au atamwachia mwanaume fulani aendeshe mpaka mtoto wa kiume akue. Kabla hata ya mazishi, Katharine alikwenda kwenye kikao cha bodi akiwa na nguo za msiba, akawaambia wakurugenzi kwamba kampuni haiuzwi, itabaki kwenye familia. Mwezi uliofuata akawa rais wa kampuni.

Mwenyewe anakiri wakati huo alikuwa anadhani anashikilia tu mpaka Donald, mtoto wake wa kiume, awe tayari. Na aliogopa vibaya mno. Kwenye sherehe ya krismasi ya ofisi alifanya mazoezi nyumbani ya namna ya kuwaambia wafanyakazi "krismasi njema", maneno mawili tu jamani, anayarudia rudia. Kwenye mikutano ya wamiliki wa magazeti alikuwa mwanamke peke yake chumba kizima, msemaji akisimama anasema "mabwana" halafu anamwona, anakwama, anaongeza "na bibi Graham", watu wanacheka. Alikuwa anatamani ardhi ipasuke.

Kitu cha maana alichofanya miaka ile ya mwanzo ni kuajiri. 1965 akamleta mhariri Ben Bradlee kutoka Newsweek, na uamuzi huo ulimlazimu kumsogeza pembeni mhariri ambaye alikuwa rafiki wa siku nyingi wa familia. Jambo hilo lilimuuma sana ila alilifanya. Bajeti ya chumba cha habari akaipandisha mwaka hadi mwaka na Bradlee akaitumia kuvuta waandishi bora. Wengine wanasema gazeti lilikuwa kubwa kwasababu ya Bradlee, na mimi nawajibu Bradlee alikuwa na nani nyuma yake? Mhariri mkali anapatikana, mmiliki ambaye hampigii simu saa nne usiku kumwambia punguza makali ndo adimu, na tunaoishi huku tunalijua hilo vizuri kuliko Wamarekani.

Tuje 1971. Mpangilio wa tarehe wenyewe ukiutazama unashika kichwa. Jumapili tarehe 13 Juni New York Times wanaanza kutoa zile nyaraka za siri za wizara ya ulinzi zinazoonyesha serikali moja baada ya nyingine ilivyowadanganya wananchi kuhusu Vietnam. Tarehe 15 serikali ya Nixon inapata zuio la mahakama, Times wanasimama. Tarehe 15 hiyo hiyo kampuni ya Washington Post inauza hisa zake kwa umma kwa mara ya kwanza, dola 26 kwa hisa. Halafu Post nao wanazipata nyaraka, zinafika nyumbani kwa Bradlee, waandishi wamekaa sebuleni wanapanga makaratasi, mawakili wamekaa chumba kingine wanasema msithubutu.

Tarehe 17 jioni Katharine yuko nyumbani kwake Georgetown ameandaa hafla ya kumuaga mfanyakazi wa siku nyingi anayestaafu, yuko katikati ya hotuba ya kumsifu, anaitwa kwenye simu. Kwenye laini wako Bradlee na wenzake wanataka wachapishe. Yuko pia Fritz Beebe, mwanasheria na mwenyekiti wa kampuni, mtu anayemwamini kuliko wote. Anamuuliza Beebe wewe ungefanyaje, na Beebe anamjibu taratibu kwamba yeye anadhani asingechapisha. Hatari zilikuwa za kweli. Mkataba na mabenki yaliyosimamia mauzo ya hisa ulikuwa na kipengele cha kuwaruhusu kujitoa likitokea janga. Kampuni ikitiwa hatiani kwa sheria ya ujasusi ingeweza kunyang'anywa leseni za vituo vyake vya televisheni, na huko ndiko hela nzuri ilikokuwa inatoka. Aliyeagiza utafiti ule uandikwe tangu mwanzo alikuwa Robert McNamara, waziri wa ulinzi wa zamani na rafiki wa karibu wa Katharine. Katharine akasema endeleeni, tuchapishe. Tarehe 18 gazeti likatoka na tarehe 30 Mahakama Kuu ikaamua kwa majaji 6 dhidi ya 3 kwamba serikali haikuwa na haki ya kuyazuia magazeti.

Hapa sasa ndo hoja yangu inaposimama. Kwenye ile simu kulikuwa na wanaume wanaojua sheria kuliko yeye, wanaojua biashara kuliko yeye, wanaojua uandishi kuliko yeye, na wote walikuwa wananyamaza kusubiri jibu lake. Kwanini? Kwasababu wakati wa kuipeleka kampuni sokoni walikuwa wamezigawa hisa makundi mawili, za kundi A zikabaki kwa familia na ndizo zinazochagua wengi wa bodi, za kundi B ndizo wakauziwa watu wa nje. Mtu angeweza kununua hisa za B apendavyo asingeweza kumtoa huyu mama kwenye kiti. Mtendaji wa kuajiriwa, hata awe simba, asubuhi yake bodi ingemwita. Naomba tusimpambe kwa ushujaa wa rohoni peke yake. Ushujaa ulikuwepo, ila chini yake kulikuwa na karatasi.

Watergate nitaipita haraka maana inajulikana. Juni 1972 watu wanakamatwa wakivunja ofisi za chama cha Democratic kwenye jengo la Watergate, Post wanang'ang'ania stori miezi na miezi wakiwa karibu peke yao, na John Mitchell, aliyekuwa mwanasheria mkuu wa serikali, anamwambia mwandishi kwenye simu kwamba Katie Graham atabanwa titi lake kwenye mashine ya kukamulia nguo kama habari hiyo ikitoka. Wakaitoa. Baadaye mtu akamtengenezea mama kidude cha dhahabu chenye umbo la mashine ile, akawa anakivaa shingoni. Ila upande wa biashara ilikuwa vita halisi, Januari 1973 leseni za televisheni zao za Jacksonville na Miami kule Florida zikawekewa pingamizi, na baadhi ya waliopinga walikuwa watu wa karibu na Nixon, bei ya hisa ikaporomoka kutoka dola 38 mpaka 21. Na katikati ya balaa hilo Beebe akafariki, Mei 1973, Katharine akachukua na uenyekiti. Yeye ndiye anayehesabiwa mwanamke wa kwanza kuwa mtendaji mkuu wa kampuni iliyomo kwenye orodha ya Fortune 500, ile ya makampuni 500 makubwa zaidi Marekani.

Mwaka huo huo wa hisa kuanguka, kuna bwana mmoja wa Omaha alikuwa anazinunua kimya kimya. Warren Buffett, kipindi hicho hajulikani sana, aliweka kama dola milioni 10.6 akapata karibu asilimia 10 ya kampuni. Washauri wa Katharine wakamwambia ogopa huyu mtu, anakuja kuichukua kampuni. Angeweza kumkwepa. Yeye akakutana naye, akamsoma, akaona hana ubaya, Buffett akaahidi hatanunua zaidi bila ruhusa yake na 1974 akamkaribisha kwenye bodi. Halafu akamfanya mwalimu wake. Jamaa alikuwa anakuja na rundo la ripoti za mwaka za makampuni mbalimbali, wanakaa wanazipitia mstari kwa mstari, mama wa miaka karibu 60 anajifunza kusoma mizania bila aibu. Wanaume wa ofisini kwake wengine hawakufurahi, walikuwa wanasema anaongozwa na Buffett, na mimi hilo neno linanikera mpaka leo maana mwanaume akiwa na mshauri mzuri anaitwa mwenye busara.

Na alipojifunza alifanya mambo ambayo wenzake hawakuyafanya. Kampuni ikaanza kununua hisa zake yenyewe wakati bei iko chini, jambo ambalo miaka ya 70 wengi waliliona la ajabu, na kwa miaka iliyofuata ikanunua karibu asilimia 40. Wenzake wenye magazeti wakati wa neema walikuwa wananunua magazeti mengine kwa bei za kuruka, yeye akakaa pembeni, watu wakasema amezubaa. 1984 kampuni ikanunua Kaplan, ile ya kuandaa wanafunzi kwa mitihani. 1986 ikanunua mifumo ya televisheni za kebo kwa dola milioni 350 kutoka Capital Cities. Ukichukua dola moja ukaiweka kwenye hisa siku ile ya 1971, alipoachia uenyekiti 1993 ilikuwa imefika dola 89, wakati soko kwa ujumla lilikupa kama 5 na makampuni yanayofanana na lake yalikupa kama 14. Hizi namba hazitajwi kwenye stori za Watergate, na kwangu ni ushahidi mzito kuliko picha yoyote ya gazeti.

Kuna wale wanaosema huyu alirithi tu, hivyo asiwekwe na wanawake waliopanda kutoka chini. Najibu hivi. Kurithi alirithi, hakuna ubishi, na binti wa tajiri mweupe wa Washington alikuwa na milango ambayo wengine hawakuiona hata kwa mbali. Ila mji ule ule ulikuwa na wenye magazeti wengine, wanaume, baadhi wakiwa na biashara nzuri kuliko yake mwanzoni. Washington Daily News lilikufa 1972. Washington Star, lililokuwa gazeti la wakubwa miaka mingi, lilikufa Agosti 1981. Urithi hauendeshi mtambo.

Sasa nisimfanye malaika. Machi 1970 wanawake 46 wa Newsweek, jarida lake, walipeleka malalamiko serikalini kwamba wanabaguliwa, wanaajiriwa kukusanya na kuhakiki taarifa wakati kuandika ni kwa wanaume, na walifanya hivyo siku ile ile jarida lenyewe limetoka na habari kubwa ya ukurasa wa mbele kuhusu wanawake kudai haki zao. Katharine alipopigiwa simu aliuliza, sasa mimi natakiwa niwe upande gani? Wengi wanalichukulia kama jibu la kuchekesha na mimi naliona la kuhuzunisha, mwanamke mwenye kura zote anaulizwa kuhusu wanawake wasio na kura hata moja na hajui akae wapi. Miaka miwili baadaye waandishi weusi saba wa Post nao wakalalamika rasmi. Angeweza kufanya zaidi na mapema zaidi, alikuwa na uwezo huo huo niliousifia hapo juu.

Alibadilika pole pole. Alitoa hela za kusaidia jarida la kutetea wanawake la Ms. kuanza. Na kuna lile la chakula cha jioni kwa Joseph Alsop, mwandishi mkubwa wa safu na rafiki yake, ambako desturi ya mji ilikuwa wakishamaliza kula wanawake wanaondoka mezani wanaenda kukaa chumba kingine kuongea mambo yao, wanaume wanabaki kuongea siasa. Katharine ametoka ofisini, siku nzima yuko na wahariri, halafu usiku anaambiwa nyanyuka. Siku moja akamwambia Alsop kwamba kama ni hivyo yeye anaenda zake nyumbani. Alsop akahangaika, na desturi ile ikafa kwake, halafu ikafa mji mzima. Jambo la mezani hilo, lakini siasa ya Washington ilikuwa inafanyikia mezani.

Halafu mgomo. Alfajiri ya tarehe 1 Oktoba 1975 mafundi wa mitambo ya kuchapa waliharibu mitambo kabla ya kutoka, wakampiga msimamizi wao wa zamu, wakaanza mgomo. Gazeti likakosekana siku moja tu. Baada ya hapo helikopta zikawa zinatua juu ya paa la jengo kuchukua kurasa kuzipeleka kwenye mitambo ya magazeti madogo ya jirani, wafanyakazi wa ofisi wakajifunza kuendesha mashine, na mama mwenye kampuni mwenyewe usiku wa Jumamosi anafunga magazeti ya Jumapili kwenye chumba cha kusambazia, mikono myeusi wino. Nje mgomaji mmoja alibeba bango lililosema Phil alimpiga risasi Graham asiye sahihi, yaani angempiga mke.  Mwezi Desemba akaanza kuajiri watu wa kuziba nafasi zao, na kufikia Februari 1976 mgomo ulikuwa umekwisha na chama kile kimevunjika pale Post.

Hapa najikuta niko pande mbili na sitaki kudanganya. Kuharibu mitambo na kumpiga mtu ni uhalifu, na chama kile kilikuwa cha wanaume karibu wote weupe wanaorithishana nafasi. Lakini siku moja ile iliwagharimu kazi hata wale ambao hawakugusa bisibisi, na vyama vya wafanyakazi wa magazeti Marekani nzima havikusimama tena vile. Ripota aliyewafuatilia wale wabeba mizigo wa bandari ya San Francisco akiwa na miaka 21 angeandika stori tofauti na ile aliyoiandika mmiliki. Wall Street ilimpenda sana baada ya hapo. Nina uhakika alistahili kushinda ule mgomo, sina uhakika kama alistahili kushinda kwa kiasi kile.

1979 akamwachia Donald nafasi ya uchapishaji wa gazeti, 1991 utendaji mkuu, na 1997 akatoa kitabu cha maisha yake, kilichompa tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Alifariki Julai 2001 akiwa na miaka 84, alianguka akiwa Idaho kwenye mkutano wa wakubwa wa biashara, maana mpaka mwisho alikuwa bado anahudhuria. Kwenye kitabu hicho ameeleza mwenyewe habari ya zile hisa za 1948 na kwamba hakuona ubaya, hakuficha, na ningependa mabinti wa wenye viwanda na mabasi na shule za binafsi huku kwetu waisome kurasa hizo kabla baba hajaitisha kikao na mkwe.

Orodha ya Fortune 500 ilichukua nusu karne toka siku zake mpaka wanawake watendaji wakuu kuvuka asilimia 10, ilikuwa 2023. Wengi wao ni waajiriwa, hodari haswa, wamepanda ngazi zote, na bodi inaweza kuwaondoa Jumatatu asubuhi. Na familia ya Graham yenyewe, 2013, Donald akiwa mtendaji mkuu wa kampuni na mpwa wake Katharine Weymouth akiwa mchapishaji, ililiuza gazeti kwa Jeff Bezos, mwanzilishi wa Amazon, kwa dola milioni 250. Matangazo yalikuwa yamekimbilia intaneti na hasara zinaongezeka kila mwaka, kwahiyo siwashutumu. Ila tangu hapo simu za aina ile ya tarehe 17 Juni zinaishia kwa mtu mmoja mwenye biashara nyingine kubwa na serikali hiyo hiyo, na hilo linanipa wasiwasi kuliko bei waliyouzia.